Kofia ya Viua Niliyoianza Mwaka wa Kiza

Kofia ya viua haishonwi na mtu mwenye nafasi. Wanawake wote niliowaona wakiishona tangu utotoni, mama yangu, shangazi zake, majirani zetu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, walikuwa na nyumba zilizojaa watu, vyungu motoni, watoto wa kuogeshwa na wagonjwa wa kuuguzwa. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka huu nimemaliza kofia iliyokuwa imelala kabatini tangu kabla sijaolewa, na kila anayeiona huniuliza: wewe mwalimu, una watoto wanne, una mama mkwe mtu mzima ndani, nafasi umeitoa wapi? Jawabu limo ndani ya kofia yenyewe, katika namna inavyoshonwa.

Kofia ina vipande viwili: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kila kipande ni kitambaa cheupe cha pamba, tabaka mbili au zaidi, kilichopigwa bandi ili tabaka zisiteleze. Juu yake huchorwa nakshi kwa penseli: maua, nyota, miezi, korosho, majani. Ndipo vinapoanza viua. Unachoma kitambaa kwa sindano nene, unazungusha ncha taratibu mpaka nyuzi zake zisogee pembeni bila kukatika. Kisha unachukua sindano nyembamba, unazungushia uzi kwenye ukingo wa tobo, mshono ubavuni mwa mwenzake, ukivuta kila mara kwa nguvu ile ile. Uzi ukifika ulipoanzia, kiua kimekwisha, na tobo lenyewe halizidi punje ya mtama. Ukanda mmoja una viua mamia. Ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani, na wingi wa uzi wake ndio unaokipa kitambaa nguvu ya kusimama.

Sasa tazama: kofia nzima ni kazi ya miezi, lakini kiua kimoja ni kazi ya muda mfupi mno. Wali ukishakauka na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, kabla haujaiva unakuwa umeshapata viua viwili vitatu. Mtoto akiwa bado hajatoka chooni, unapata kimoja. Hakuna kazi ya mikono niijuayo iliyokatwa vipande vidogo namna hii, na siamini kuwa ilitokea hivi hivi. Waliotangulia waliishona kazi hii ikae ndani ya siku ya mwanamke jinsi siku hiyo ilivyo, na kuvunjikavunjika kwake kote.

Yangu niliianza mwaka wa kiza. Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja, ikawa hitilafu kwenye njia ya waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Aliyekuwepo hahitaji kukumbushwa. Majenereta yalinguruma mjini mchana kutwa kwa wenye uwezo wa kuyanunulia mafuta. Pampu za maji nazo zilikuwa zimelala, kwa hiyo ndoo zilipangwa foleni visimani tangu alfajiri. Wageni wakavunja safari, mahoteli yakapunguza watu, samaki wakawa wa kuliwa siku ile ile.

Mama yangu wakati huo alikuwa akiuza barafu za ukwaju na za ubuyu. Friji ilipozimika, kipato chake kilizimika pamoja nayo. Hakupoteza hata wiki. Alikwenda kununua kitambaa, akachonga penseli, akarudi kwenye kofia, kazi aliyokuwa akiifanya Wete, Pemba, tangu msichana na ambayo aliiacha alipohamia Unguja. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekusanya kofia za wanawake wa mtaani na kuzipeleka Maskati, Oman, na mzee huyo hakuhitaji umeme.

Soko la Oman si jambo la jana. Sayyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja karne ya 19, na kwa vizazi vingi watu wakawa na mguu mmoja huku na mwengine kule. Baada ya Mapinduzi ya 1964 waliondoka wengi, na wengi walikwenda Oman baada ya Sultani Qaboos kushika utawala huko mwaka 1970. Wao kofia hii wanaivaa kila siku, wala hawangoji Idi. Wanapenda nyuzi za rangi, sisi huku bado tunapenda nyeupe juu ya nyeupe, au rangi ya maziwa. Lakini kiua ni kile kile, na mzee wa Maskati huipindua kofia atazame ndani kabla ya kutaja bei, sawasawa na mzee wa Wete. Hata Wabarawa, watu wa mji wa Barawa, waliotawanywa na vita vya Somalia tangu 1991, wamekwenda na kofia zao ugenini na wanawake wao wameendelea kuzishona huko. Sindano na kitambaa ni vitu ambavyo mtu anayekimbia anaweza kuvibeba.

Mie nilikuwa na mchumba. Kwetu msichana anayejua kushona humshonea mchumba wake kofia, na kwa kuwa mama alikuwa amekaa barazani kila asubuhi na kazi yake mapajani, nikakaa naye. Wifi yangu mtarajiwa aliniletea kipimo: uzi uliozungushwa kichwani kwa kaka yake na kufungwa fundo. Mama alinichorea ua la duara, ukanda akaniambia nichore mwenyewe. Tulishona mchana tu, maana nyeupe juu ya nyeupe haionekani kwa kibatari, na jua likianza kuzama tulikunja kazi tukaenda kutafuta maji.

Duara nililimaliza. Ukanda ulikuwa umefika karibu theluthi umeme uliporudi. Mama akarudi kwenye barafu zake, kwa sababu barafu hulipa siku ile ile na kofia hulipa ikikamilika. Mie nikaingia kwenye matayarisho ya harusi, kisha chuo cha ualimu, kisha uzazi wa kwanza. Vipande vile viwili nikavikunja pamoja na ule uzi wenye fundo, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ukahama na mie nyumba hadi nyumba.

Mwezi wa Shaabani tulipaka rangi ndani, tukalazimika kulitoa kabati ukumbini na kulimimina. Mkwe wangu alikuwa mkekani, anasuka ukili wa kushonea mkeka. Yeye ni mtu wa Makunduchi na mkono wake haujui kukaa bure. Nilipoufungua ule mfuko akaniambia, "Lete nione." Hakutazama ua. Aliupindua ukanda, akapitisha kidole mgongoni kutafuta mafundo, akanyamaza kidogo, akauliza, "Nani alikufundisha?" Nikamwambia mama. "Basi mmalizie mama yako kazi yake, mwanangu. Kitu kama hiki hakiachwi kikaliwa na mende."

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza, kitambaa kilikuwa kimepiga manjano, na uzi mpya niliokwenda kuununua sokoni Darajani ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Nikataka kuvifua vipande kwanza. Nikampigia mama simu Wete, alikorudi kuishi siku hizi, na kabla sijamaliza sentensi alikuwa ameshakataa. Ukifua, penseli inatoka, na ukanda uliobaki utakuwa kitambaa kitupu. Shona kwanza, fua mwisho, jua litasawazisha. Ndivyo alivyosema na ndivyo ilivyokuwa.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Penseli yenyewe ilikuwa imefifia, na sehemu ya mwisho ya ukanda haikuwa na mchoro kabisa. Nakshi ya ukanda ni ua moja linalorudiwa, na likikosewa kipimo hata kidogo, ncha mbili zinapokutana nyuma ya kichwa ua linakuwa nusu. Nilijaribu kuchora kwa macho nikaona halitaki. Hapo mama akanipa njia ambayo sikuwahi kuiona akiitumia. Weka karatasi nyembamba juu ya ua lililokwisha, sugua kwa ubavu wa penseli. Matobo yote yanajitokeza kwenye karatasi, pamoja na kingo za uzi. Kisha tanda karatasi hiyo kwenye kitambaa kisichochorwa, toboa kila alama kwa sindano, pitisha penseli iliyochongwa vyema kwenye kila kitobo. Ua likahama. Nilipima urefu uliobaki, maua yakaingia yote kamili, na furaha niliyoipata jioni ile ni kubwa kuliko niliyoipata kofia ilipokwisha.

Baada ya hapo ilikuwa ni kushona tu, na kushona kwenyewe kulikwenda hivi. Asubuhi natoka kwenda skuli kabla ya watoto kumaliza chai, kwa hiyo asubuhi haihesabiki. Mchana narudi, kuna chakula cha kupika na madaftari ya kusahihisha. Alasiri wadogo wanakwenda chuoni kusoma Qur'ani. Katikati yake kuna muuza samaki anayepiga kengele ya baiskeli, kuna mtungi wa gesi unaokwisha mchuzi ukiwa haujachemka, kuna jirani mwenye shughuli anayehitaji mikono ya kumenya vitunguu, na kuna ile sauti inayosimamisha kila kitu mtaani kwetu: maji yanatoka! Maji yakitoka, kila mwenye miguu anakimbilia pipa, kwa sababu hakuna ajuaye yatakatika saa ngapi.

Katika siku kama hiyo, mtu akikushauri utafute saa moja ya utulivu ukae na kazi yako, anakushauri usiifanye. Mie nilijiwekea kanuni moja, niliyoichukua kwa mama: usiitike ukiwa na tobo lililo wazi. Ukianza kiua, kimalize, piga mshono wa kukaza, choma sindano kwenye pindo, ndipo uitike. Tobo lililoachwa nusu linajifunga, nyuzi za kitambaa zinarudi mahali pake, na ukirudi unachoma upya karibu na pale pale, kitambaa kinadhoofika. Watoto walinizoea haraka. Kijana wangu wa pili akiniita na nisipoitika, alikuja kusimama mbele yangu akitazama uzi unavyozunguka, na ulipofika mwisho akasema lake. Nadhani alikuwa akisubiri kwa adabu zaidi kuliko anavyosubiri kitu chengine chochote.

Vidole vilinipa taabu. Nyumba yetu hupika kwa nazi na bizari, na bizari ya manjano inapokaa kwenye kucha haiogopi sabuni. Doa la bizari kwenye kofia nyeupe halijifichi. Kwa hiyo nilikuwa nakuna nazi na kuchuja tui mwanzo, mchuzi naukabidhi kwa binti yangu mkubwa inapofika zamu ya viungo, kisha naosha mikono kwa sabuni na ndimu, nakausha vizuri, najipaka poda kidogo kwa ajili ya jasho, na sehemu ya ukanda iliyokwisha naifunika kwa kitambaa ili kiganja kisiiguse. Binti naye hakuona mchuzi kuwa adhabu, kwa kuwa nilimwahidi kuwa Ijumaa tutabadilishana, yeye ashone na mie nipike. Viua vyake vya mwanzo nilivifumua mbele yake akaona kwa nini. Vya baadaye vimo ndani ya kofia mpaka leo, upande wa kushoto, karibu na mshono wa nyuma, na sitawaambia ni vipi.

Sindano iliyokuwa ikitumika ilikuwa moja tu, na nyumba nzima ilijua inapolala. Ilipovunjika ilikuwa baada ya magharibi. Nilimtuma binti dukani akarudi mikono mitupu: muuza duka, mtu wa makamo, hauzi sindano usiku, kwa ile mila ya wazee. Mkwe wangu akasema muuza duka amefanya sawa. Nilingoja asubuhi.

Kuna neno moja nimelisikia maisha yangu yote na leo nalijibu. Watu husema kushona kofia ni kazi ya wasio na kazi. Husemwa hata na wanaume wanaozivaa, na siku hizi husemwa na wasichana waliosoma. Nawaomba wamtazame mkwe wangu. Ukili wake anausuka akiwa barazani, anausuka kwenye gari akienda kwao shamba, anausuka akimsikiliza mjukuu anayesoma juzuu, na ukili huo ukitosha hushonwa mkeka unaolaliwa na watu. Kwao wanawake kama yeye ndio wanaoingia baharini maji yakipwa kufunga kamba za mwani. Wao hawana saa isiyo na kazi. Wana kazi ndogo inayojaza nyufa za kazi kubwa, na kutoka kwenye nyufa hizo wamesomesha watoto. Mama yangu katika ile miezi mitatu ya kiza alitulisha kwa viua. Huo si muda wa ziada wa mtu mvivu, na nakereka kila nikisikia unaitwa hivyo.

Kuhusu kofia za mashine sina ugomvi. Darajani zimejaa, nyingi zinatoka China, bei yake inashikika, na mtoto wa chuoni anayeipoteza kila mara avae nini chengine? Mume wangu mwenyewe amekuwa akivaa hizo miaka yote. Ninachoomba ni mnunuzi asizilinganishe bei. Akipewa bei ya kofia ya mkono akasema ghali, na aipindue atazame ndani, ahesabu viua vya ua moja tu, kisha aseme tena.

Ukanda ulipokwisha niliunga ncha zake, nikaliunganisha duara, na hapo mshono unataka uvumilivu wa namna nyengine kwa sababu duara hupenda kuvuta upande mmoja. Kazi hiyo sikuifanya jikoni. Niliifanya skuli zilipofungwa, mkwe wangu ameshika upande wa pili. Kisha ikaja kufua. Nililoweka kwa sabuni, nikaanika juani na povu lake, nikasuuza, nikarudia. Penseli ikaondoka yote, manjano yakaondoka mengi, uzi wa zamani na uzi mpya vikasogeleana mpaka ukawa huvitenganishi. Nikachemsha wanga mwepesi wa muhogo nikaichovya. Tatizo likawa faroma, lile umbo la mfano wa kichwa linalovishwa kofia mpaka ikauke. Kofia iliyotiwa wanga ikikauka bila faroma hujikunja, inapungua, na kazi yote imekwenda. Zamani kila mtaa ulikuwa nayo. Nimeulizia sana, na nimeipata kwa mzee mmoja aliyekuwa dobi, faroma ya mti, nzito, imeng'aa kwa kutumika. Aliniazima kwa sharti moja, kwamba kofia ikikauka nimpelekee aione. Nilipompelekea aliigonga ukanda kwa ukucha, akasikiliza, akaridhika.

Ule uzi wenye fundo ulikuwa bado upo. Nilipima mara mbili kabla ya kuunga, na kofia imemkaa mume wangu sawasawa, haimbani wala haimchezi. Aliivaa kwa mara ya kwanza kwenye ndoa ya mtoto wa dada yake, na kanzu yake nyeupe. Nilikuwa upande wa wanawake, sikuona mengi. Niliyoyajua niliyajua baadaye: binamu yake aliyekuja kutoka Maskati kwa harusi ile aliivua kichwani mwake, akaipindua, akauliza inauzwa. Akaambiwa hii haiuzwi, lakini mshonaji yupo, kamuulize.

Akaja kuniuliza. Bei niliifikiria kwa uangalifu: kitambaa, nyuzi, na viua, kila ua kwa idadi yake. Nikaitaja, hakuipunguza. Muda nikamwambia ni mpaka Idi ijayo, na kabla ya hapo asinipigie simu kuniharakisha. Amekubali. Nyuzi amezileta mwenyewe, zambarau iliyokolea na kahawia. Duara anashona mama huko Wete, nimempelekea kitambaa kwa boti ya Pemba pamoja na rangi zake, na ukanda nashona mie. Tumepanga kugawana fedha nusu kwa nusu, ingawa mama ameanza kudai kuwa duara lina kazi zaidi na anastahili zaidi. Huenda ana haki. Nimemwambia kazi ikiisha tutakaa tuvihesabu viua, vyake na vyangu, na kila mtu atachukua chake.